Udongo Chini ya Fyekeo Jekundu

Mwanangu Restituta,

Sikuulizi hali. Hali yako nimeiona leo asubuhi ulipokuwa unakunja nguo huku unaimba, na mtu anayeimba akifunga mzigo hana ugonjwa. Ya kwangu unaijua: mgongo, na hii mikono inayotetemeka. Basi nianze.

Sasa ni saa tisa mchana, Jumapili. Wewe umepanda Kibosho kumuaga bibi yako, na najua hutarudi hapa Shirimatunda mapema, maana bibi yako hamruhusu mtu kuondoka bila kula, na akishakula hamruhusu kuondoka bila ndizi. Mama yako yuko nje anachambua mchele. Ameniuliza ninaandika nini, nikamwambia ni orodha ya spana za kukupa. Hakuniamini. Barua hii nitaiweka ndani ya ovaroli yako mpya, mguu wa kushoto. Utaikuta leo leo, kwa sababu wewe huwezi kupakia nguo iliyokunjwa na mtu mwingine bila kuikunjua na kuikunja upya. Tabia hiyo umeirithi kwangu, na sijui kama nikupe pole au hongera.

Mambo ya kula, chandarua na vijana wa kambini mama yako amekwisha kukuambia, na mengine niliyasikia nikiwa nje ya dirisha. Siyarudii. Mimi nina jambo moja, nalo ni la kesho saa nne, pale yadi.

Kesho utafika na dereva wa kampuni iliyokuajiri kuchagua fyekeo la trekta la kwenda kwenye kitalu chao cha uwindaji, na mashine mbili za kufyekea za mgongoni. Utazikagua, utatia sahihi kwamba ni nzima, mtapakia, mtaondoka. Ni kazi yako ya kwanza tangu utoke chuo cha ufundi, na uko kwenye majaribio. Fyekeo hilo litakwenda kusafisha njia za magari na njia za kuzuia moto kwenye ardhi ya uwindaji ambayo hujawahi kuikanyaga, na likiharibu kitu huko, karatasi itakuwa na jina lako. Na yadi yenyewe ndimo ninamofanya kibarua mimi, cha kuosha na kupiga rangi mashine zilizotumika. Watu wanasema ni bahati, baba na binti kwenye kazi moja. Mimi nimeigeuza bahati hiyo wiki nzima, na kila nikiigeuza naona upande mwingine mbaya.

Nyumbani kwetu mimi ndiye mtu wa kushuku. Mama yako husema siku ya hukumu nitaomba kwanza nione mizani imekaaje. Mjomba wako Prosper, kila nikipanda Kibosho, ananisubiri mlangoni: "Shemeji chasaka, leo umekuja kushuku ndizi gani?" Chasaka, yaani mtu wa kuja. Nimeoa kwao, nimezaa kwao, nimezika kwao, na bado ni wa kuja. Simchukii. Ila wewe hujawahi kuniuliza nilianza lini kuwa hivi. Sikutoka hivi Singida. Singida nilitoka nikiwa naamini kila kitu. Nilimwamini hata yule aliyeniambia kwamba Moshi kazi zinaokotwa.

Mtu wa kwanza kunifundisha kushuku ni bibi yako. Wakati ule namtaka mama yako, nilikuwa kibarua wa kumkatia majani ng'ombe wake. Unajua kule kwao ng'ombe hatoki zizini. Anakaa ndani kama chifu, watu ndio wanaotembea kumtafutia chakula. Kila asubuhi nilishuka bondeni na mundu, nikapanda na mzigo kichwani. Kwetu ng'ombe huenda mwenyewe na kuchagua mwenyewe, kwa hiyo mimi niliona jani ni jani. Siku moja nilichoka. Nikajaza katikati ya mzigo takataka zilizokuwa karibu na njia, nikazungushia majani mazuri kwa nje, nikakaza kamba. Mzigo ukawa mnene, unapendeza. Nikaubwaga uani nikingoja kusifiwa.

Bibi yako alikata kamba, akaukung'uta wote chini, akapiga magoti akaanza kuchambua. Akapata mafungu mawili.

"Haya ya nje umemkatia ng'ombe wangu," akasema. "Haya ya ndani umemkatia nani?"

Nikainama kuokota kamba.

"Nauliza ili nimpelekee."

Nilimsikia mama yako akicheka jikoni. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia kicheko chake vizuri, na nilikuwa natamani ardhi ipasuke. Tangu siku ile bibi yako aliufungua kila mzigo niliouleta. Hata baada ya ndoa. Hata siku ulipozaliwa, nilipopanda na majani mabegani na habari mdomoni, aliufungua kwanza mzigo, ndipo akauliza ni wa kike au wa kiume. Nilidhani ananidharau. Nilichukua miaka mingi kujua kwamba hakuwa na shida na mimi. Alikuwa na ng'ombe.

Ningekuwa nimeshika somo lile, nisingekuwa na hii sehemu inayofuata. Hata mama yako haijui yote.

Ulipokuwa darasa la tatu, unakumbuka niliondoka nikakaa misimu miwili nyikani, kwenye kitalu cha uwindaji, safari ya siku nzima kwa lori. Ulikuwa unaniuliza kama nimeua simba. Sikuua hata sungura. Kazi yangu ilikuwa kufyeka. Tulifyeka njia, tukafyeka uwanja wa ndege ndogo, tukafyeka kuzunguka kambi. Mwaka wa kwanza tulifyeka kila kitu, kwa sababu meneja alitaka mgeni aone mbali. Mgeni aliona mbali kweli. Ila hakuona mnyama. Swala hawezi kulaza mtoto wake mahali peupe kama kichwa kilichonyolewa, wakahamia kwa jirani, na meneja akaanza kuwatuhumu askari wake kwamba wanakula nyama kwa siri. Hili nalikwambia kwa sababu kitaluni kila mtu atakusifu ukisafisha, na hakuna atakayekusifu kwa ulichoacha kikiwa kirefu. Acha hivyo hivyo.

Mwaka wa pili nilitumwa na dereva wa trekta, kijana mmoja aitwaye Ombeni, kuchukua fyekeo la kufunga nyuma ya trekta kutoka shamba moja karibu na barabara kuu. Unalijua lilivyo: kama sinia kubwa la chuma lililofudikizwa, visu viwili vinazunguka chini yake. Shamba lile lilikuwa limejaa gugu karoti, limechanua jeupe mpaka kwenye mtaro. Fyekeo lilikuwa limetoka kulifyeka siku hiyo hiyo. Udongo na majani yaliyosagika vilikuwa vimeganda chini yake, unene wa kiganja.

Tulipofika mtoni, kabla ya kuingia kitaluni, Ombeni akasimamisha trekta akaniambia nioshe. Ndiyo ilikuwa amri: hakuna chombo kuvuka bila kuoshwa. Akaenda kivulini kula mkate wake. Mimi nilikuwa nimetoka kukaa juu ya bati la tairi la trekta siku nzima, kiuno kimekufa. Kuosha chini ilibidi kulala chali kwenye tope na kukwangua kwa chuma. Nikamwaga ndoo mbili kwa juu. Likang'aa.

"Umeosha na chini?" akauliza Ombeni.

"Nimeosha."

Hakuinama kutazama. Aliniamini, na kwa kuniamini akawa mjinga kuliko bibi yako, ambaye hakumaliza hata darasa la pili.

Mvua ziliponyesha, gugu karoti likaota kitaluni, mahali ambapo halikuwahi kuonekana. Liliota kando ya njia zote tulizofyeka. Liliota kwa mstari, Resti. Upana wa hatua mbili, sawasawa na upana wa fyekeo, kulia na kushoto, kilomita baada ya kilomita. Hakuna mnyama anayelila. Lilinyonga majani mazuri, na sisi wenyewe tukilishika lilituwasha mpaka tukawa tunajikuna kama mbwa.

Meneja alituita wote mbele ya stoo. Aliitwa pia mzee Saning'o, mfugaji wa Kimasai aliyekuwa na ruhusa ya kunywesha ng'ombe wake kwenye bwawa la mpakani wakati wa kiangazi. Meneja alikuwa ameshika shina moja la gugu kwa kitambaa.

"Nani ameleta hili?"

"Ni ng'ombe wa huyu mzee, bosi," akasema askari mmoja. "Mbegu zinakuja kwenye kwato."

Mzee Saning'o alicheka kidogo. "Ng'ombe wangu hawakusoma," akasema. "Hawajui kutembea kama mtu anayechora kwa rula. Nendeni mtazame lilivyoota, mniambie ni ng'ombe gani anakwenda hivyo."

Wenzangu wakacheka. Meneja hakucheka. Akauliza kama kuna mtu ana la kusema. Yule mzee akageuka akatutazama sisi wafyekaji, mmoja mmoja, bila haraka. Alipofika kwangu akabaki hapo. Sijui alijua nini. Labda hakujua kitu, labda alichoka shingo. Mimi nilikuwa nimeshika fyekeo la mkono, nikaanza kung'oa kwenye makali yake kijiti ambacho hakikuwepo.

Sikusema. Meneja akashikilia kwamba ni ng'ombe, na mzee akafungiwa bwawa. Kiangazi kile mzee alihamisha ng'ombe wake, na njiani walikufa wengi. Mimi nilimaliza msimu na nikasifiwa kwa bidii.

Miaka ikapita, nikakutana naye mnadani. Alinijua kabla sijamjua. Akaniuliza, "Lile gugu lilikwisha?"

"Bado, mzee."

"Sisi ndio tulikwisha," akasema, akacheka kicheko kile kile, akaninunulia chai. Niliinywa. Sikujua namna ya kuikataa bila kueleza.

Sasa unajua. Watu wanadhani ninashuku kwa sababu nimedanganywa sana. Nimedanganywa, lakini si hilo. Ninashuku kwa sababu siku ile mbele ya stoo nilikuwa na uso wa mtu mwema, na ulifanya kazi vizuri kabisa.

Mama yako amepita hapa sasa hivi. "Orodha ya spana ina kurasa nne?" Nimemwambia kuna spana nyingi. Amenitazama, akaniwekea chai, akaondoka. Huyu naye ninamshuku kwamba anajua.

Turudi kesho. Mimi si fundi kama wewe. Nimeishia darasa la tano, na majina ya vyuma vingi nimejifunza kwa kuangukiwa navyo. Lakini ninajua yadi inavyofanya kabla mnunuzi hajafika, kwa sababu mimi ndiye ninayefanya.

Zile mashine za mgongoni, kabla mtu hajavuta kamba kukuwashia, weka kiganja chako kwenye injini. Ikiwa ya moto, zimewashwa asubuhi kabla hujaja, na mashine iliyokwisha kupashwa huwaka hata kwa mtoto. Sema utazingoja zipoe. Utaletewa soda na stori ndefu. Kunywa soda, sikiliza stori, ngoja. Halafu washa wewe mwenyewe. Ukiona rangi mpya juu ya nati, jiulize kwa nini mtu apake rangi nati. Ukiona nati mpya kwenye chuma cha zamani, uliza ile ya zamani ilikwenda wapi. Na ukiambiwa mwenye mashine anaiuza kwa sababu amehama, uliza amehamia wapi, kisha baada ya nusu saa uliza tena.

Mafyekeo ya trekta yako matatu. Moja ni la kijani, limepinda, utaliona mwenyewe. Moja ni la buluu, lina kutu, limekaa kama mzee aliyenyimwa kiti. Na moja ni jekundu, linang'aa mpaka kuku wanajitazama. Hilo jekundu nimelipaka rangi mimi.

Lilikuja wiki tatu zilizopita, udongo mkavu umeganda chini yake. Nilipoliona niliweka ndoo chini, kwa sababu nilikuwa nimeuona udongo ule zamani, kwenye chuma kingine. Nikabandua bonge moja, nikalificha mfukoni, nikaja nalo nyumbani. Alhamisi bosi akaniita. Sisi wote tunamwita Mangi, kama chifu wa Kichaga, nawe umemsikia mama yako akimwita hivyo.

"Baba Resti, nasikia binti yako ndiye anayekuja Jumatatu na watu wa kitalu?"

"Ndiye, Mangi."

"Mungu akupe nini tena. Atachukua hili jekundu. Lipige rangi."

"Nianze kuliosha chini?"

"Chini usiguse. Ule udongo umeshika mambo."

"Umeshika mambo gani?"

Akanitazama. "Wewe uliomba kazi ya kuosha au kazi ya kuuliza?"

Alipokwenda kula niliingiza waya chini yake. Nyuma ya udongo kuna ufa. Unaanzia pale giaboksi inapokalia, unakwenda kuelekea ukingoni, urefu wa mkono wangu kutoka kiganja mpaka kiwiko. Umetokeza kidogo na juu, na pale juu umezibwa kwa puti ya kuzibia mabodi ya magari, ukapigwa msasa. Juu ya puti nikapaka rangi. Nilipaka mara mbili, vizuri, kwa sababu mkono wangu hata ukifanya uovu haujui kufanya kwa uvivu. Fyekeo lile likipiga kisiki wakati visu vinazunguka, sitaki kufikiria nani atakuwa amesimama nyuma yake.

Sasa usimfanye Mangi shetani. Mama yako alipougua, ni yeye aliyemwinua mikononi akamtia kwenye gari lake, akakaa naye kwenye benchi la hospitali mpaka nilipofika kutoka kibaruani. Hakuwahi kunikumbusha. Ni mtu mwema mwenye fyekeo lenye ufa. Huyo ndiye wa hatari, mwanangu. Mwizi mwenye sura ya mwizi hata mbuzi anamkimbia.

Tena na mimi unishuku. Huenda nina kinyongo na Mangi ambacho sikijui. Huenda la buluu nalo lina ugonjwa wake ambao sikuuona. Kwa hiyo sikuambii chukua hili au lile. Nakuambia ulale chali chini ya yote matatu. Ovaroli hiyo ni mpya na mama yako atasikitika, lakini ilishonwa kwa ajili ya hiyo. Na lolote utakalochagua, lisipakiwe kabla halijaoshwa chini mbele ya macho yako, mpaka chuma kionekane. Ukifika kitaluni, gugu karoti likishachanua usilipelekee mashine. Ling'oeni kwa mkono mkiwa na glavu, mlitie kwenye magunia. Polepole, inaudhi, na vijana wako watakucheka. Wacheke.

Asubuhi uliniuliza lile kopo la dirishani nimepanda nini, nikakujibu mchicha. Si mchicha. Ni lile bonge la udongo nililolitoa chini ya fyekeo jekundu, nalimwagia maji kila siku. Yameota mashina manne. Leo jani la tatu limeanza kukatikakatika kama la karoti. Nilikuwa na ushahidi dirishani, wewe umesimama mbele yangu unauliza kwa mdomo wako, na bado nikasema mchicha. Umri wote huu, Resti, na ulimi wangu bado unajua njia ya mtoni.

Ndipo nikaamua kuandika.

Nilifikiria mambo mengine. Nilifikiria kwenda yadi leo nikaukwangue udongo wote. Ila Mangi angeuziba ufa upya kwa kitu kingine, na wewe ungekuta chuma safi ukaamini. Nilifikiria kukunong'oneza kesho. Ila ungetia mashaka kwa siri, ungekataa kwa kisingizio, na fyekeo lingekwenda kwa mtoto wa mtu mwingine. Mama yako, ambaye amerudi na kuisoma barua hii begani kwangu bila aibu, anasema kibarua changu kitaota nyasi. Nimemwambia nyasi ndiyo kitu pekee ninachokijua vizuri. Hakucheka. Baadaye akasema, "Mwandikie asikuonee huruma." Basi nimekuandikia.

Kesho ukiingia yadi, niamkie kama kila siku. Sema shikamoo baba, mbele ya watu wote, usione haya kwa dereva wa kampuni. Nitaitika marahaba. Kisha usinitazame tena. Lala chini, tazama, toka, sema unataka jekundu lioshwe chini. Mangi atacheka, atasema limeoshwa. Sema unataka lioshwe tena. Ataniita mimi, kwa sababu mwoshaji ni mimi. Nitakuja na mpira wa maji na chuma cha kukwangulia, nitalala chali kama nilivyotakiwa kulala siku ile mtoni, na nitakwangua mpaka mwisho.

Ufa ukitokea, vibarua wenzangu watatazama viatu vyao. Mangi atauliza nani aliyepaka rangi juu ya hii, kwa sauti ya mtu asiyejua, na atakuwa anatumaini kwamba nitafanya nilichofanya mbele ya stoo.

Uliza na wewe. Uliza kwa sauti, kama fundi, si kama mtoto wangu. Nitakuwa nimetoka chini, nimelowa, nimesimama karibu kabisa nawe.

Nitasema ni mimi.

Baba yako,
mwosha mashine